Jumapili ya Ujani

Bimdogo binti Hemedi alikuwa na sheria zake juu ya mwanamke kutoka nje ya ua, na sheria hizo hazikuletwa na Mwingereza wala na Mdachi aliyemtangulia. Mwanamke hutoka kwenda kisimani. Hutoka kwenda sokoni, kama hana wa kumtuma. Hutoka kwenda msibani, na huko asichelewe. Hutoka kwenda arusini, na huko asiwahi sana akaonekana mlafi. Basi. Ama kutembea kwa ajili ya kutembea, mtu anyanyue miguu yake mizima aende mahali ambako hana shida nako, kisha arudi vilevile alivyokwenda, hiyo, alisema Bimdogo, ni kazi ya Wazungu na mbwa wao.

Mwanabaraka aliyasikia maneno hayo tangu wiki ile aliposhushwa na treni ya kutoka Tabora, bibi arusi, hina haijafifia vidoleni. Aliyasikia akanyamaza, kwa kuwa alifundwa vizuri. Lakini ua wa nyumba ya mama mkwe wake ulikuwa wa matete, na matete yana kimo chake. Juu ya matete kilionekana kilima. Mawe ya kilima kile yalikuwa yamepandana jiwe juu ya jiwe, makubwa kama nyumba, kama kwamba aliyekuwa akiyapanga aliitwa kula kabla hajamaliza. Kila asubuhi Mwanabaraka alipokuwa akifagia, jicho moja lilikuwa kwenye ufagio na la pili kule juu. Kwao, kila baada ya sala ya Ijumaa, baba yake aliwachukua wote, mke na watoto, wakatoka nje ya mji hadi mbugani, wakachoma mihogo, wakarudi jioni wakiimba, vumbi magotini. Hakuna aliyewauliza mlifuata nini.

"Kule juu kuna nini?" alimuuliza mumewe.

"Mawe," alisema Yahaya.

"Na nyuma ya mawe?"

"Mawe mengine."

Yahaya alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye baraza ya duka la Hasham, Uhindini. Alimpenda mkewe na alimpenda mama yake, na wapenzi wake hao wawili walipopishana, yeye alikumbuka shati fulani ambalo halijatiwa vifungo.

Basi ndivyo hali ilivyokuwa, mpaka mvua za vuli zilipoanza na Gulbanu akaja na habari ya ujani.

Gulbanu alikuwa mke wa Hasham. Alizaliwa Mwanza, kama mama yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapahapa, ila maneno ya kwao yaliingia katikati bila kupiga hodi. Alizoea kuja kwa Mwanabaraka kutarizisha mashela ya binti zake, na kazi ya kuchukua shela moja ilimpotezea nusu ya mchana kwa mazungumzo.

"Shoga," alisema siku hiyo, "Jumapili tunakwenda ujani. Sisi sote. Twende nanyi."

"Kukata majani? Mmenunua ng'ombe?"

Gulbanu alicheka hata akakaa chini bila kuangalia anakalia nini. "Majani gani! Ujani! Kwa lugha yetu, ujani ni kutoka. Unapika, unafunga, unakwenda mahali pazuri, unatandika, unakula. Watoto wanakimbia. Wewe hufanyi kitu. Tunakwenda kule juu kwenye mawe, ziwa lote unaliona."

Mwanabaraka aliweka sindano chini. Kwa muda alikuwa mbugani, kwao, na moshi wa mihogo machoni.

"Hataniruhusu," alisema.

"Nitamwomba mimi. Mimi si mkwe wake, atanifanya nini?"

Bimdogo alikuwa barazani akichagua mchele. Gulbanu akamwamkia kwa adabu, shikamoo na marahaba, habari za mguu, mguu haujambo, kisha akatoa shauri lake kwa maneno machache sana. "Mama Yahaya, Jumapili tunakwenda ujani, kule mlimani. Naomba Mwanabaraka aende nasi."

Mkono wa Bimdogo ukasimama juu ya ungo.

"Ujani," alisema polepole. "Ujani. Kwani mgagani umekwisha ota?"

Gulbanu akafungua kinywa amsahihishe, akakifunga. Alimtazama Mwanabaraka, na Mwanabaraka akaona mlango mdogo umefunguka penye ukuta, na unaweza kufungwa sasa hivi.

"Mvua imenyesha, mama," alisema. "Kule juu majani yamejaa tele."

Uongo haumo katika maneno hayo. Mvua ilikuwa imenyesha. Majani yalikuwa yamejaa. Hata mtu wa gatini aliyaona. Bimdogo alimeza mate. Mgagani aliupenda kupita nyama: ule uchungu wake, uupike ukachemka, uumwage maji, utie kitunguu na karanga. Sokoni waliuza fungu dogo, tena limenyauka.

"Uende," alisema. "Hiyo ni kazi ya maana. Ila kikapu kijae, sitaki nusu."

Walipofika nje ya mlango Gulbanu alimfinya Mwanabaraka mkono. "Weee! Neno langu limemdanganya mama yako!"

"Neno lako halikumdanganya. Limezungumza naye, na wameelewana kwa namna yao."

Furaha ilikaa siku nne. Jumamosi jioni, wakila, Bimdogo alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Kesho nami nakwenda. Wewe binti wa Tabora utaniletea sumu utasema ni mboga. Yahaya, uninolee mundu."

Mwanabaraka akarudisha tonge sahanini.

Usiku, chumbani, alimweleza mumewe yote. Yahaya alicheka akajifunika shuka kichwani ili sauti isivuke ukuta.

"Mwambie," alisema alipopata pumzi.

"Nikimwambia nitabaki."

"Usipomwambia atajua mwenyewe, mbele za watu. Na hapo, mke wangu, usahau mlima. Usahau na soko. Utatoka humu kwenda kisimani na msibani. Namjua mama yangu."

Mwanabaraka alilijua hilo kabla ya yeye kulisema. Alilala chali, akapima. Kilima kimoja, mara moja, halafu ua mpaka uzeeni. Au ua tangu sasa, na kilima kikichungulia kila asubuhi juu ya matete.

"Nitakwenda," alisema.

Jumapili duka lilikuwa limefungwa, na familia ya Hasham ilikuwa imejipanga nje kama watu wanaokwenda kupokea gavana. Gulbanu na binti zake wawili walivaa hariri. Mama yake Hasham, Jenabai, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mbali, alikuwa na mwavuli. Palikuwa na sufuria zilizofungwa kwa vitambaa, mazulia mawili, birika, na Hasham mwenyewe alikuwa amebeba gramafoni kichwani.

Upande wa pili wa njia akatokea Bimdogo na kanga yake ya shambani, mundu begani. Nyuma yake Mwanabaraka, vikapu viwili vitupu. Nyuma yao Yahaya, akiangalia mawingu.

Bimdogo aliitazama gramafoni.

"Hiyo ya kufukuzia nyoka?"

"Ya kuburudisha kidogo, Mama Yahaya," alisema Hasham.

"Haya. Kila mtu na namna yake ya kufanya kazi."

Wakaondoka. Njia ilipita pembeni mwa mihogo ya watu, ikavuka kijito, kisha ikaanza kupanda. Watoto walitangulia, wakipiga kelele kila walipoona mjusi kafiri, yule mwenye kichwa chekundu, akipiga pushapu zake juu ya jiwe kama askari anayeadhibiwa. Pimbi walitoka mapangoni kuwatazama, wanene, wamekunja mikono, hawana habari na mtu. Upepo ulikuwa na harufu ya majani yaliyolowa na samaki kwa mbali. Mwanabaraka alikuwa akihisi kila jiwe chini ya unyayo wake, na kila alipopumua, pumzi ilikwenda chini kuliko ilivyozoea.

Mbele yake mama mkwe wake alipanda kama mbuzi. Mguu ule ulioulizwa hali kila siku haukulalamika hata mara moja. Alikuwa akitaja mimea kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina darasani. "Mlenda huu. Huu msusa. Huo usiguse, utajikuna mpaka Idi. Mgagani uko wapi? Uko juu. Siku zote uko juu."

Karibu na kileleni njia ilipenya kati ya mawe mawili makubwa, na upenyo ulikuwa mwembamba. Watoto walipita wakikimbia, na Hasham nyuma yao. Jenabai akaingia, akakwama.

"Vuta!" alipiga kelele.

Hasham akavuta kutoka mbele. Mama yake hakusogea.

"Sukuma!"

Waliokuwa nyuma wakatazamana. Yahaya akageuka kutazama ziwa. Si vizuri mwanamume kumsukuma mama wa watu. Bimdogo akampa Mwanabaraka mundu, akakaza kanga, akaegemeza bega lake kwenye mgongo wa Jenabai.

"Toa pumzi, mama."

"Nimetoa!"

"Hiyo uliyotoa ni maneno. Toa pumzi!"

Jenabai akatoa pumzi, Bimdogo akasukuma, wakapita wote wawili kwa kishindo na kuangukia upande wa pili, mmoja juu ya mwenzake. Kisha Jenabai akaanza kucheka, tumbo zima, na Bimdogo, ambaye Mwanabaraka hakuwahi kumwona akicheka bila kuziba mdomo, alicheka wazi, mapengo yote nje.

Mbele yao palikuwa na jiwe pana, tambarare kama uwanja, na ng'ambo ya jiwe palikuwa na ziwa.

Hapo ndipo mambo yalipofichuka. Gulbanu akatandika mazulia. Hasham akatua gramafoni, akawasha moto wa chai. Sufuria zikafunguliwa, na harufu ya kababu na ya achari ikapanda. Watoto wakavua viatu. Watu wote wakakaa, na Bimdogo peke yake akabaki amesimama na mundu mkononi.

"Mbona mnakaa? Jua hilo linapanda. Mnakata saa ngapi?"

"Tunakata nini, Mama Yahaya?" aliuliza Jenabai.

"Ujani!"

Jenabai akapapasa zulia kando yake. "Kaa basi. Ujani ndiyo huu."

"Upi?"

"Huu. Kukaa. Kula. Kwetu ndiyo ujani. Kazi hapana kabisa, ukifanya kazi umeharibu."

Bimdogo alitazama mazulia, akatazama hariri, akatazama kanga yake ya shambani. Kisha akamgeukia mkaza mwanawe.

"Ulijua?"

Palikuwa na namna nyingi za kujibu. Angeweza kusema hakuelewa; Gulbanu angemtetea, maana tayari alikuwa ameanza, "Mama Yahaya, kosa ni langu..."

"Nilijua, mama," alisema Mwanabaraka.

Bimdogo alichukua kikapu kimoja, akageuka, akatokomea nyuma ya mawe. Wakausikia mundu wake ukikata, kwa hasira, kwa mapigo ya karibu karibu.

"Nimfuate?" Yahaya aliuliza.

"Muache," alisema mkewe.

Akasogea mpaka ukingoni mwa jiwe, akakaa, miguu ikining'inia. Kama ndiyo mara yake moja, basi aione sawasawa. Mji ulikuwa chini yake, mabati na makuti, na ua wao mdogo kama kibweta. Reli iliingia mjini ikaishia majini. Ziwa lilianza hapo, likaenda, likaenda, na kila ulipodhani limekoma, kisiwa kikatokea na nyuma ya kisiwa maji mengine. Mitumbwi ya Wakerewe ilikuwa vijiti. Mbali sana, wadudu wa ziwa walikuwa wamepanda juu kwa wingi wao, wakasimama juu ya maji kama moshi wa moto ambao haupo. Nyuma ya mawe hapakuwa na mawe mengine. Atamwambia Yahaya hivyo. Alikuwa na hofu, lakini hofu ilikuwa imekaa mahali pamoja tumboni, ndogo, na sehemu zote zilizobaki zilikuwa na raha.

Mundu ukanyamaza. Bimdogo akarudi, kikapu kimejaa mpaka kinamwagika, jasho usoni. Hakumtazama mtu.

"Mama Yahaya," aliita Jenabai kwa sauti ile ya kuita mbali, ingawa mwenzake alikuwa hatua chache tu, "chai inapoa! Umenisukuma kama gunia la pamba, sasa utaninyima kula nawe?"

Mtu aliyekwisha kusukumana na mwenzake kwenye upenyo wa mawe ni vigumu kumnunia. Bimdogo akakaa pembeni mwa zulia, nusu nje. Akapokea kikombe. Akapokea kababu moja, akaitafuna taratibu, kama mtu wa kukagua. Akapokea ya pili bila kukagua. Watoto wakawekewa santuri, wakacheza, na binti mdogo wa Gulbanu akajilaza mapajani pa Bimdogo kama kwamba ni pake. Nusu ya nje ya Bimdogo ikaingia ndani ya zulia.

Ilikuwa kwenye kababu ya tatu mkono ulipoganda. Akatazama sufuria za wenyeji wake, moja, nyingine, na nyingine. Akatazama kikapu chake cha majani mabichi. Mwanabaraka aliona damu ikipanda usoni mwa mama mkwe wake, na akaelewa kwamba hasira ya safari hii si ile ya kwanza.

"Yahaya," alisema Bimdogo. "Sisi tumeleta nini?"

"Mundu, mama."

"Tumekuja kwa watu na mundu. Wamepika tangu alfajiri, sisi tumekuja mikono mitupu tunakula tu. Watasema nini huko Uhindini? Nyumba ya binti Hemedi ni ya ombaomba?"

"Hapana, hapana!" Gulbanu na Jenabai walisema pamoja.

"Nyamazeni. Jenabai, sufuria hiyo imeisha? Nipe. Kitunguu unacho? Mwanabaraka, moto usizime."

Akauchemsha mgagani palepale juu ya jiwe, akaumwaga maji, akaukaanga kwa samli ya Jenabai na kitunguu na pilipili, akilalamika muda wote kwamba hakuna karanga. Binti wa Gulbanu alionja akakunja uso mzima. Hasham alisema ni tamu, lakini Hasham alikuwa mfanyabiashara. Jenabai alikula, akanyamaza, akaingiza kipande cha chapati tena, na tena, na mwisho akaivuta sufuria ikawa ya kwake.

Bimdogo alilitazama hilo kwa kuridhika, ila hakuridhika kabisa.

"Hiyo ni mboga tu, hailipi kitu," alisema. "Sasa sikilizeni. Jumapili ijayo chakula ni juu yangu. Pilau, na samaki. Mlimani mguu wangu hautaki tena. Tutakwenda ufukweni, kule kwenye mawe yanayoingia majini. Nina jamaa zangu wavuvi, sato watatoka majini waingie motoni. Watoto wataoga. Mtu asije na kitu. Mtu akija na hata kijiko, nitakitupa ziwani."

"Tutakuja," alisema Jenabai, mdomo umejaa.

"Na jambo hili lina jina. Mama yangu mzazi alitoka pwani, na kwao lilikuwa likiitwa mandari. Mngesema mandari tangu mwanzo, ningeelewa."

"Na ungekataa, mama," alisema Yahaya.

Bimdogo akafikiri.

"Ningekataa," alikubali.

Mwanabaraka aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Hakutaka mtu auone uso wake. Jumapili ijayo. Na baada ya pilau ya Bimdogo, Jenabai naye hatakubali kushindwa, na huyo akilipa, huyu atalipa tena. Alijua mwendo wa vitu hivyo. Wanawake wawili wa aina ile wangeweza kulipana mpaka watoto hawa waolewe.

Waliteremka jua likiwa limelegea. Kwenye upenyo Jenabai alitangulizwa, akasukumwa na wengi. Chini, njia ilipopanuka, familia ya Hasham ikawa mbele ikiimba, na Bimdogo akapunguza mwendo mpaka mkaza mwanawe akamfikia. Yahaya alitaka kuwapita. Akaona ni bora abaki nyuma, akabaki, lakini si mbali.

"Wewe binti."

"Abee, mama."

"Umenipandisha mlima na mundu begani, na kanga ya shambani, katikati ya watu wa hariri."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa na siku nne za kunieleza."

"Nilikuwa nazo."

"Haya." Bimdogo alisimama, akaweka kikapu chini. Sauti yake haikuwa na ukali. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kufunga hesabu kabla ya kuingia nyumbani. "Mimi mtu mzima, sitaki kinyongo. Niombe radhi, neno moja, hapahapa njiani. Nikikupa, yameisha, tukapange habari ya mchele."

Nyuma yao Yahaya alikohoa, kikohozi cha kuomba: sema, mke wangu, sema twende.

Mwanabaraka akainama, akakinyanyua kikapu cha mama mkwe wake, akajitwika kichwani. Akamtazama kwa heshima zote alizofundwa.

"Mchele nitauchagua leo usiku, mama, na karanga nitatwanga. Pilau nitaamka nayo alfajiri. Lakini radhi siombi. Nilitaka kutoka, nikatoka, na wewe ukatoka nami, na nimekuona ukicheka. Siombi radhi leo, na kesho usingoje nikuombe."